Kikomando cha Afande Ramathan

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mkaa mbichi, moshi tupu, wateja wanakohoa. Hayo ningeyameza. Lakini saa nne asubuhi redio ya Mbale ikatangaza jambo lililonikaba kooni: wanamtafuta mtu aliyekipa kikomando jina lake! Ati Jumamosi ya tarehe 27, katika ukumbi mmoja Mbale mjini, hewani moja kwa moja, kila anayedai aje na ushahidi. Mshindi atachorewa kibao cha bati na fundi wa kweli, jina la mwenye sifa kwa herufi nyekundu, kitundikwe mbele ya kibanda chake. Na kwamba mpaka sasa amejitokeza mtu mmoja tu, mama wa Malukhu anayeitwa Nandutu. Anasema jina lilitoka kwa marehemu mama yake.

Mama yake! Nikaunguza chapati mbili.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharagwe, na Uganda nzima inakila. Walukuba nzima, hapa Jinja, inajua kwamba jina lilianzia kwa baba yangu, Afande Ramathan, mpishi wa jeshi, aliyevua sare mwaka 1979, utawala wa kijeshi ulipoanguka, mwaka niliozaliwa mimi Bakhit, halafu akafungua kibanda hiki ninachokaangia leo. Mwanajeshi alikata chapati, chapati ikaitwa kikomando. Nani aliwaambia Walukuba? Mimi. Miaka ishirini nawaambia. Baba mwenyewe hajawahi kukubali wala kukataa. Hata neno lenyewe halitamki. Husema "ile ya kukata".

Sababu yangu ni hii. Nilipokuwa mtoto, watu wakimwita Baba "Afande" walilisema kwa kubana midomo. Akipita, milango inafungwa. Hakuwahi kumgusa mtu, alikuwa akisonga posho, yaani ugali! Lakini sare ni sare. Sasa ana miaka themanini na nne. Jicho la kushoto limekwisha, presha ya macho, na la kulia daktari amesema tusilitegemee sana baada ya mwaka huu. Nataka aone jina lake limeandikwa mahali, kubwa, na watu wanalisoma huku wanatabasamu. Mara moja tu, kabla jicho halijafunga. Nandutu atanisamehe.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemuuliza Baba ana kwa ana. Nilimpelekea chai ya tangawizi kwanza, kumlainisha. Nikamuuliza ni nani aliyekiita kikomando kikomando. Akaniuliza kama Alasiri imeadhiniwa. Nikamwambia bado. Akasema basi atajinyoosha kidogo. Huo ndio ushahidi wetu wote mpaka sasa.

Dada yangu Zulaika alikuwa uani anasuka tabaga, vile vifuniko vyetu vya rangi vya kufunikia chakula. Sisi Wanubi hatumwekei mtu chakula kikiwa wazi. Hakuinua hata uso. Akasema nimwache mzee apumzike, na kama nina nguvu zimenizidi, kuna magunia ya mkaa yanangoja kuhamishwa. Zulaika ana miaka hamsini na tano na hajawahi kuamini mpango wangu hata mmoja. Haya, ule wa bata ulikwenda vibaya. Lakini bata na historia ni mambo mawili.

Nimepata wazo. Kama ushahidi haupo, nitautengeneza!

Alhamisi, 18 Septemba

Kazi ya mikono, na kazi safi! Nimechana karatasi kwenye daftari kuukuu. Nimeandika kwa wino wa bluu, mwandiko wa kulala, wa kizamani: KIBANDA CHA AFANDE RAMATHAN. CHAPATI. MAHARAGWE. KIKOMANDO. MWAKA 1984. Nikailoweka kwenye chai ya rangi, nikaianika juu ya moshi, nikaipaka mafuta pembeni. Ikatoka imezeeka kuliko Baba. Machozi yalinilengalenga kwa uzuri wake. Au ni ule mkaa.

Nikaenda kuswali Adhuhuri. Kurudi, karatasi hakuna. Zulaika, aliyenishikia kibanda, ameitumia kufungia chapati nne za mteja wa Bugembe. Akasema aliona ni karatasi chafu, kwa hiyo akaiweka nje, ndani akaweka safi. Ati nimshukuru! Historia ya taifa imekwenda Bugembe inanuka mafuta.

Ijumaa, 19 Septemba

Karatasi peke yake haitoshi hata hivyo. Anatakiwa shahidi. Baada ya swala ya Ijumaa nimekaa na Waiswa wa bodaboda, rafiki ninayemwamini kuliko wote kwa sababu hajui kukataa chakula. Mpango: asimame Mbale aseme alikula kikomando kwa Baba mwaka 1984. Akakubali papo hapo, kwa sahani moja ya mazoezi.

Nikamhoji kama mtangazaji. Ulifikaje kibandani? Akasema alikuja na pikipiki yake, hii hii nyekundu. Nikamwambia mwaka 1984 hakuwa na pikipiki. Akafikiri sana. Akasema kweli, mwaka huo hata yeye hakuwepo. Amezaliwa 1991! Miaka yote nadhani tunalingana. Ni upara wake umenidanganya. Tumekubaliana avae kofia ya kiua, aongee polepole, na akohoe akibanwa na swali.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda Mbale kumpeleleza adui. Kwa haraka zangu nikapanda gari la kupitia Tororo badala ya lile la njia fupi ya Tirinyi, likafa Busiu. Saa mbili nzima kando ya mahindi ya watu, nimevaa miwani ya jua na koti la Waiswa linaloburura. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama mimi ni mtu wa usalama. Nikasema hapana, mama, mimi raia tu. Akanipa ndizi mbili za bure na kuanza kufunga biashara yake. Sikumlaumu. Niliona machoni mwake ule woga wa watu waliomfungia Baba milango, na ndizi hazikushuka vizuri.

Malukhu nikafika saa tisa. Kibanda cha Nandutu kinatazama mlima Wanale, kisafi, benchi limepigwa deki. Mwenyewe ni mama wa miaka arobaini na kitu, kicheko chake kinasikika ng'ambo ya barabara. Nikajitambulisha kuwa ni Mukama, muuza viazi, niko safarini. Nikaagiza kikomando.

Ya Rabi! Maharagwe yamelowekwa yakalainika mpaka ndani, yana nyanya, yana karoti, yana kitu kingine ambacho mpaka sasa ulimi wangu unakitafuta. Nilikusudia kula nusu, kwa uchunguzi. Nikala sahani mbili.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Kabla ya kula niliinua kipande cha chapati juani nitazame kurasa zake za ndani. Mazoea ya kazi! Nandutu akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Akasema watu wa viazi anawajua, kucha zao zina udongo. Mimi vidole vyangu vitatu vya kugeuzia chapati vimeungua ncha, na mkono wa kulia hauna unyoya hata mmoja. Akaniuliza nakaanga wapi. Nikasema sikaangi kitu. Akasema haya, Bwana Mukama, akaniongezea maharagwe bila kuombwa.

Kisha akakaa. Akaniambia mama yake alifariki Aprili. Alikaanga mahali pale pale miaka thelathini na zaidi, na siku ya mwisho, kitandani hospitali, alimuuliza binti yake kama jiko limezimwa. Nandutu akasema sifa hazitaki. Anataka tu wapita njia wajue kwamba hapo palikuwa na mtu.

Nimerudi Jinja na hasira, sijui za nani. Nilikwenda kumchukia mtu, nimeshindwa. Si haki hata kidogo. Mpinzani angekuwa na roho mbaya angalau, na maharagwe mabichi.

Jumatano, 24 Septemba

Nimejikaza kisabuni. Nandutu ana mama, na mimi nina baba, na wangu bado yuko hai wa kuona. Nimetengeneza karatasi ya pili. Hii ni kiboko! Safari hii sikulipua kazi. Nimeandika kila kitu ninachokiandika kwenye mabango yangu yote, sikuacha hata kimoja, mpaka KARIBUNI WATEJA. Chai, moshi, mafuta. Nimeifungia sandukuni na ufunguo nimeuvaa shingoni.

Baba alipita akanusa hewa. Akauliza nani amemwaga chai. Nikajifanya sikusikia.

Leo nimemfikiria Nandutu mara nne. Mara tatu yalikuwa maharagwe.

Ijumaa, 26 Septemba

Balaa! Wakati wa chakula cha mchana Baba ametangaza kwamba kesho anakwenda nasi Mbale. Sikumwambia habari za Mbale. Zulaika anaapa si yeye. Kumbe mzee haoni vizuri lakini redio anaisikiliza kuanzia Alfajiri.

Nimejaribu kumzuia. Nikamwambia Mbale kuna baridi. Akasema koti analo. Nikamwambia safari ni ndefu. Akasema Mbale aliwahi kwenda kwa miguu. Nikamwambia redio wanataka wazungumzaji, na yeye si mtu wa maneno. Akasema kweli.

Halafu akaomba pasi ya mkaa. Akapiga pasi shati lake mwenyewe, kwa kupapasa, mistari miwili mgongoni imenyooka kama ya gwaride. Zulaika alikuwa anatazama kutoka mlangoni. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanigeukia akasema nikimwaibisha mzee mbele ya watu nitafute pa kulala.

Naogopa kitu kimoja tu. Baba hasemi uongo.

Jumamosi, 27 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa. Mtangazaji anaitwa Ronnie, kijana mtanashati, meno yote nje. Kibao kilikuwa pale jukwaani, bati jipya limepakwa rangi nyeupe, tupu, na fundi amekaa kando na kopo la rangi nyekundu. Nilikitazama kibao kile mpaka nikasahau kusalimia watu. Nandutu alikuwa mstari wa mbele amevaa gomesi ya kijani. Akanisalimia: habari za viazi, Bwana Mukama? Baba akaniuliza Mukama ni nani. Nikasema ni mtu tunayefanana.

Tukaanza sisi. Waiswa akapanda jukwaani na kofia yake, akaongea polepole mno, Ronnie akadhani anaumwa. Akasema alikula kikomando kwa Afande Ramathan mwaka 1984. Ronnie akamuuliza alikuwa na umri gani wakati ule. Waiswa akakohoa. Ronnie akamletea maji. Waiswa akanywa, akakohoa tena. Mwishowe akasema alikuwa mdogo, mdogo sana, kiasi kwamba mtu usingemwona. Akashuka. Watu wakampigia makofi kwa huruma.

Sikutishika. Nilikuwa na karatasi. Nikampa Ronnie kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. Akaigeuza, akainusa, akasema hii kweli imekula miaka. Moyo ukanichanua! Akaanza kuisoma hewani. Kibanda cha Afande Ramathan. Chapati. Maharagwe. Kikomando. Mwaka 1984. Karibuni wateja. Piga simu, sifuri saba saba mbili...

Akaisoma namba yote. Mpaka ya mwisho.

Ronnie akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mwaka 1984 mzee alikuwa na simu ya mkononi. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Kabla sijafungua mdomo, mfuko wangu ukaanza kulia. Ronnie akasema pokea, pokea! Nikapokea. Msikilizaji wa Busiu. Anataka vikomando vitatu, na anauliza kama tunapeleka.

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mtu mmoja alitoka nje kupunga upepo. Nilitaka nimezwe na sakafu, lakini mbaya zaidi nilimwona Baba. Alikuwa amekaa wima, shati lake na mistari yake miwili, uso hauna kitu. Nikasema moyoni, Bakhit, umeyafanya. Jina uliloliombea tabasamu umelipeleka kuchekwa.

Baba akasimama. Akaomba kipaza sauti.

Akasema yeye ndiye Afande Ramathan, alikuwa mpishi wa jeshi, na jina la chakula hiki hakulitoa yeye. Sauti yake ndogo, ikabidi watu wanyamaze wamsikie. Akasema alichofanya ni kukata tu. Walikuwa wakija wakata miwa kibandani, wakati ule mgumu. Mmoja ana uwezo wa chapati mbili, mwenzake nusu, na benchi ni moja. Mwenye nusu alikuwa anakula amegeukia ukuta. Baba akaona haifai. Kwetu, akasema, chakula cha mtu hufunikwa, watu wasikipime kwa macho. Lakini tabaga hakuwa nazo za kutosha wateja. Basi akazikata chapati zote, ndogondogo, akazifunika kwa maharagwe. Sahani zote zikawa sawa. Ya mwenye nusu aliikata vipande vyembamba zaidi, viwe vingi.

Miaka arobaini na sita mimi ni mwanawe. Kibanda ni hicho hicho, kisu ni hicho hicho. Hakuwahi kuniambia. Nilidhani tunakata ili iwe rahisi kula!

Ronnie akamuuliza, sasa jina lilikujaje? Baba akasema siku moja mkata miwa alisimama mlangoni akapaza sauti: kikomando kimoja! Baba akaacha sufuria motoni, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kujificha nyuma ya msikiti mpaka Magharibi. Alidhani wamemtambua. Zama zile mtu aliyetoka jeshini akiitwa komando barabarani, hasubiri kuuliza maana. Aliporudi akakuta maharagwe yameungua na wateja wamejihudumia wenyewe, na sufuria wameisugua. Kwa hiyo jina walikuja nalo wateja. Walilitoa wapi, yeye hajui. Hakuwepo, alikuwa nyuma ya msikiti.

Watu wakacheka. Na Baba akacheka! Alicheka mpaka bega likatikisika, akashika meza. Sijawahi kumsikia akiicheka miaka ile. Sijawahi kumsikia hata akiitaja. Ronnie akamuuliza kama siku hizi anaweza kulitamka bila kukimbia. Baba akafikiri. Akasema, taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto: kikomando. Ukumbi mzima ukasimama.

Nililia. Sioni haya kuandika.

Zamu ya Nandutu. Akapanda, akakishika kipaza sauti. Akasema baada ya kumsikia mzee yule hawezi kudanganya. Mama yake hakuwahi kusema kwamba jina ni lake. Ni yeye Nandutu aliyewaambia watu wa Malukhu. Nikamtazama, naye akanitazama. Kumbe tuko wawili duniani!

Ronnie akabaki na kibao kitupu na dakika kumi za hewani. Akamgeukia Baba, akasema kwa jinsi watu walivyosimama, kibao ni chake. Fundi akachovya brashi. Na Baba, baba yangu mzazi, akasema hapana, kiandikwe jina la mama wa binti yule, kwa sababu yeye Ramathan bado ana mdomo wa kujisemea.

Wakaandika. Herufi nyekundu. Nandutu alipiga magoti akamshika Baba mkono. Nami nilipiga makofi kama wengine. Lakini ndani nilikuwa nimevunjika vipande vipande. Jicho la Baba halisubiri mashindano mengine.

Jumapili, 28 Septemba

Sikufungua kibanda. Nimelala nimegeukia ukuta. Zulaika akaniletea uji, akasema haruhusiwi mtu kufa kabla ya kuhamisha mkaa. Halafu akakaa pembeni ya kitanda, jambo ambalo hafanyi. Akasema alikuwepo siku ile ya maharagwe kuungua. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Yeye na Mama ndio waliomtafuta Baba mpaka nyuma ya msikiti, na Baba akawaapisha wasimwambie mtu. Kwa hiyo, akasema, mwaka mzima usingepata ushahidi, hata ungemaliza chai yote ya Jinja.

Simu inalia tangu asubuhi. Nimeizima. Ni ya watu wa kunicheka, ya nini?

Jumanne, 30 Septemba

Nimewasha simu kwa ajili ya muuza unga. Ikalia hapo hapo. Sauti ya mama, kutoka Mbale. Nikajiandaa kutukanwa. Akauliza: huko ndiko kwa Afande? Naomba nimsalimie.

Nikampa Baba. Akaiweka simu sikioni kichwa chini, nikamgeuzia. Yule mama alitaka tu kumsalimia. Akamwambia Afande, Mungu akuweke. Baba akasema amina, akaniuliza ni nani. Nikasema simjui. Akapiga mwingine, wa Iganga. Kisha wa Kamuli. Kisha yule wa Busiu wa vikomando vitatu, bado anavingoja. Wote wanataka Afande. Na wote wanalisema neno hilo midomo ikiwa wazi.

Namba waliipata wapi? Niliduwaa kwanza. Kisha nikakumbuka kile kikaratasi changu, na Ronnie akiisoma namba hewani mpaka tarakimu ya mwisho.

Astaghfirullah. Nilichokiharibu ndicho kilichofanya kazi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tangu Jumanne sina simu. Anayo Baba. Ameivisha kitambaa, anaikalisha mapajani karibu na jiko, ikilia anapokea kwa sauti ya gwaride: Ramathan hapa! Wateja wamezidi. Nandutu naye alipiga jana, akaongea na Baba nusu saa nzima, na mwisho akasema wasalimie wote nyumbani, na Bwana Mukama pia. Nimefurahi kuliko inavyofaa kuandika.

Leo baada ya swala akapiga mzee mmoja, sauti imechakaa, anatokea upande wa Kakira. Nilikuwa karibu, nikasikia yote. Akasema alikuwa mkata miwa. Akasema yeye ndiye aliyekuwa ananunua nusu. Miaka yote alidhani siri ile ni yake na Mungu, mpaka alipoisikia redio. Alitaka kusema kitu kimoja tu, kwa kuwa hajui siku zake. Akasema: Afande, nilikuwa nashiba.

Simu ilikatika, Baba hakuishusha. Alikaa nayo sikioni mpaka maharagwe yakaanza kushika chini, nami sikuyagusa.

Baadaye nikamwambia kwamba bado nataka kumchoreshea kibao, hata kwa fundi wa hapa hapa Walukuba, akione angali anaona. Akasema pesa hiyo ninunue mkaa mkavu. Akasema macho ndiyo yenye matatizo, masikio yake hayana neno.

Kwa hiyo nimeapa. Mbele ya Zulaika, mkono kifuani: mimi Bakhit sitatengeneza tena ushahidi wa kitu chochote. Uongo basi. Nimejifunza!

Jumamosi, 4 Oktoba

Redio ya Mbale imetangaza tena. Novemba wanatafuta asili ya jina la rolex! Sasa jamani, nani hapa Busoga alikunja chapati na mayai mapema kama si dada yangu Zulaika? Ni mambo yanayojulikana. Walukuba nzima itajua, kufikia Jumatano. Waiswa amekubali, na safari hii amezaliwa 1960.

Mchana nimechana karatasi, nimechemsha chai. Zulaika yuko sokoni. Nilikuwa nainamia sufuria Baba akaingia na simu yake mkononi, akanusa hewa. Nikangoja kukemewa, na nilistahili.

Akaisogelea karatasi, akaipapasa kwa kidole, akaiinua hadi kwenye jicho lake la kulia. Akasema majani nimezidisha, karatasi ya miaka ile haikuwa nyeusi hivi. Akauliza safari ni lini, apige shati pasi mapema, na kama binti wa Malukhu naye atakuwepo, Zulaika amsukie tabaga. Kisha akaondoka zake.

Mlangoni akageuka. Akasema safari hii namba ya simu niiandike kubwa.